Shamba Linapothaminiwa kama Kiwanja

Kusini mwa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, liko bonde liitwalo Santa Clara. Leo bonde hilo lajulikana ulimwenguni kote kwa kazi za kompyuta, na watu huliita Silicon Valley. Lakini jina hilo lilianza kuandikwa magazetini mwaka 1971 tu. Kabla ya hapo bonde lilisifiwa kwa matunda yake. Kila mwezi wa Machi, miti ya plamu ilipochanua, nchi yote iligeuka kuwa nyeupe kutoka kilima hata kilima, na watu wa mijini walifunga safari kwenda kutazama maua. Mji mdogo wa Saratoga ulianza kufanya sikukuu ya maua hayo mwaka 1900. Plamu zilikaushwa juani, zikatiwa katika masanduku, zikapelekwa hata Ulaya. Na pamoja nazo zilikuwako aprikoti na cheri nyingi mno.

Mashamba mengi ya bonde hilo yalikuwa madogo, ya eka 10, 20 au 50, nayo yalilimwa na wenyewe pamoja na jamaa zao. Wengi walikuwa watoto wa wageni waliotoka Italia, Ureno, Kroatia na Japani. Mkulima wa matunda hana haraka. Mti wa plamu, kama mkahawa, hauzai mara upandwapo. Mwenyewe huulisha na kuukata matawi miaka kadhaa kabla ya kupata kitu cha kuuza, kisha hutumaini kuvuna kwake kwa muda mrefu. Basi mtu aliyekuwa na miti ya umri wa miaka 15 alikuwa ameweka nguvu zake zote pale shambani, wala hakuweza kuihamisha kama mtu ahamishavyo ng'ombe.

Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 watu wakaanza kumiminika katika bonde lile kutafuta kazi. Mji wa San Jose, ambao mwaka 1950 ulikuwa na watu 95,000 hivi, ulikuwa na watu 204,000 mwaka 1960, na kufikia mwaka 1970 walikuwa wamezidi 440,000. Meneja wa mji, Bwana A. P. Hamann, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1950 hata 1969, alikuwa na nia ya kuufanya San Jose kuwa mji mkubwa sana, naye aliongeza eneo lake mara zaidi ya 1,300, kipande hiki leo na kipande kile kesho. Mji uliokuwa na maili 17 za mraba ulifikia zaidi ya 130. Haukukua kama ukuavyo mti, kutoka shina kwenda nje, bali ulinyosha mikono yake juu ya barabara ukayazunguka mashamba, hata mkulima alipoamka asubuhi akaona nyumba pande tatu za uzio wake.

Hapo ndipo kodi ilipoingia.

Katika nchi ya Marekani kodi ya ardhi na nyumba hutozwa na serikali za mahali: kaunti, miji na wilaya za shule. Fedha hizo ndizo zinazolipa waalimu, askari polisi, wazima moto na matengenezo ya barabara. Kila kaunti ina mthamini wake, na kazi yake ni kuandika katika daftari thamani ya kila kipande cha ardhi. Katiba ya California iliamuru kwamba mali yote itozwe kodi kwa kadiri ya thamani yake. Na thamani ni nini? Mthamini alifundishwa kwamba ni bei ambayo mnunuzi angekubali kuitoa sokoni, naye huyo mnunuzi huitazama ardhi kwa kazi ile iwezayo kuleta faida kubwa kupita zote, hata kama mwenye ardhi haifanyi kazi hiyo wala hana nia ya kuifanya.

Tuchukue mfano, kwa hesabu nyepesi. Tuseme mkulima ana eka 20 za plamu, na kila eka humwachia dola 60 kwa mwaka baada ya kulipa vibarua na mbolea. Mapato yake ni dola 1,200. Mkulima mwenzake angelinunua shamba hilo kwa dola 1,000 kila eka. Ikiwa kodi ni dola 1 katika kila dola 100 za thamani, atalipa dola 200 kwa mwaka, naye atabaki na dola 1,000 za kulisha watoto. Sasa jirani yake auza shamba kwa mjenzi wa nyumba kwa dola 10,000 kila eka. Mthamini, akilisikia jambo hilo kama impasavyo, aandika bei hiyohiyo katika ukurasa wa mkulima wetu. Kodi yake yawa dola 2,000. Shamba halikuongeza hata kikapu kimoja cha plamu, lakini kodi yake sasa yapita mapato yake yote kwa dola 800.

Hizo ni hesabu za mfano tu, lakini jambo lenyewe ndilo lililowapata wengi. Tena halikuja peke yake. Nyumba mpya huleta watoto, na watoto huhitaji shule, mabomba ya maji machafu, taa na barabara za lami. Kwa hiyo kiwango cha kodi nacho kilipanda, na mkulima alilipa kiwango kikubwa juu ya thamani kubwa, ili kujenga shule za watu waliokuja kulalamika juu ya vumbi la trekta lake na harufu ya dawa aliyoipulizia miti yake. Ng'ombe na miti ya plamu haipeleki watoto shuleni. Wakulima wa huko walizoea kusema hivyo mbele ya mabaraza, na maneno yao yalikuwa na ukweli ndani yake.

Wala mthamini hakuwa mtu mwovu. Mara nyingi alikuwa karani mwenye bidii aliyeshika sheria. Kama angeandika thamani ndogo kwa mmoja kwa kumhurumia, angekuwa amewaongezea wengine mzigo pasipo idhini ya mtu yeyote.

Isidhaniwe kwamba kila mwenye shamba alilia. Wengine walikuwa wazee wasio na mtoto wa kuwarithi, nao walipokea fedha za wajenzi kwa furaha, wakapumzika. Wengine waliuza eka 20 bondeni, wakanunua eka nyingi zaidi mahali pengine California ambako ardhi ilikuwa rahisi, wakapanda upya. Tena walikuwako walanguzi, watu waliokuwa wamenunua shamba zamani wakingoja siku yake, na miti iliyosimama juu yake walikuwa wakiitazama kama mtu atazamavyo magugu. Aliyeumia ni yule aliyetaka kuendelea kulima pale pale. Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba ni tajiri, kwa kuwa ardhi yake ni ya thamani kubwa, hali mfukoni hana fedha za kulipia utajiri huo. Alipata fedha kwa njia moja tu, nayo ni kuuza kipande cha shamba. Na kila kipande kilichouzwa kilipandisha bei ya kipande kilichobaki, na ya jirani yake pia.

Wenye mamlaka hawakukaa kimya. Katika miaka hiyo Kaunti ya Santa Clara ilitenga sehemu za bonde ziwe za kilimo tu, na mwaka 1955 Bunge la California lilipitisha sheria ya kukataza miji isiliingize shamba lililotengwa namna hiyo katika mipaka yake bila idhini ya mwenyewe. Mwaka 1957 ikafuata sheria ya kumtaka mthamini aitazame ardhi kama hiyo kwa thamani yake ya kilimo, ikiwa hapana dalili ya karibu kwamba itageuzwa kazi nyingine. Lakini maneno hayo ya mwisho yaliharibu yote. Dalili zilikuwako kila mahali; mthamini alitazama dirishani akaona nyumba, akaandika thamani ya nyumba.

Majimbo mengine yalikuwa yamekwisha kuanza kujaribu. Maryland ndilo lililotangulia, mwaka 1956, kuagiza kwamba shamba linalolimwa lithaminiwe kama shamba. Florida ilifuata mwaka 1959. Huko Florida jambo moja likatokea ambalo mpaka leo watu hulicheka na kulilaumu pamoja: mwenye ardhi aliyekuwa akingoja kujenga nyumba au maduka aliweza kukodi ng'ombe wachache wakala majani juu ya kiwanja chake, na kodi yake ikashuka kama ya mfugaji. Ng'ombe hao wamewaokolea watu fedha nyingi kuliko maziwa yao. New Jersey, katika sheria yake ya mwaka 1964, ilijaribu kuziba tundu hilo. Ilitaka shamba liwe la eka 5 au zaidi, liwe limelimwa miaka miwili, na mazao yake yauzwe kwa dola 500 au zaidi kwa mwaka. Tena mwenyewe akiligeuza kuwa kiwanja, alipe tofauti ya kodi ya mwaka huo na ya miaka miwili iliyotangulia. Kiwango cha dola 500 kilidumu karibu miaka 50, na sheria ya mwaka 2013 ndiyo iliyokipandisha kuwa dola 1,000. Mtu aweza kuuza kuni na asali kidogo akafikia kiasi hicho.

California ilichagua njia ya mkataba, na kwa maoni ya wengi hiyo ndiyo njia iliyofikiriwa vema kuliko zote. Mwaka 1965 mjumbe wa Bunge John Williamson, kutoka Kaunti ya Kern, alileta sheria ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake, na mwezi wa Novemba 1966 wananchi walipiga kura kuibadili Katiba ili kuiruhusu. Ilikuwa hivi. Mwenye shamba afanya mkataba na kaunti kwamba kwa miaka 10 ardhi yake itakuwa ya kilimo wala haitajengwa mji. Kaunti nayo yaahidi kumtoza kodi kwa kuhesabu mapato ambayo shamba laweza kutoa, si bei ya mjenzi. Mkataba hujirefusha kila mwaka, hata siku zote hubaki miaka 10 mbele. Akitaka kutoka, atoa taarifa, na kwa muda wa miaka tisa kodi yake hupanda kidogo kidogo hata ifikie ya kawaida. Akiwa na haraka na kutaka kuuvunja mara moja, hana budi kuliridhisha baraza la kaunti kwa sababu nzito, kisha alipe dola 12 na nusu kwa kila dola 100 za thamani ya soko.

Haki ya jambo hili yapaswa kutazamwa, maana wako wasemao kwamba kodi ya shamba ipunguzwe tu, bila sharti. Lakini shule hazipungui kwa sababu mkulima amesamehewa. Kile asicholipa yeye hulipwa na fundi cherehani, na mwenye duka, na mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili. Watu hao wakimbebea mkulima mzigo wake miaka 20, kisha mwaka wa 21 auze shamba kwa mamilioni na kuondoka, watakuwa wamemsaidia kungoja bei tu. Mkataba wa miaka 10 huwapa kitu badala ya fedha zao: chakula kulimwa karibu nao, na ahadi ambayo mtu haivunji bila kulipa.

Sheria hiyo ilikubaliwa upesi. Baadaye eka milioni 16 hivi ziliingia katika mikataba, karibu nusu ya ardhi yote ya kilimo na malisho ya California. Tangu mwaka 1971 serikali ya jimbo ilianza kuzirudishia kaunti sehemu ya kodi zilizopotea. Lakini ukitazama ni eka zipi zilizoingia, waona udhaifu wake. Nyingi zilikuwa mbali na miji, katika bonde kubwa la San Joaquin na penginepo, ambako hapakuwa na mjenzi wa kuzitaka. Na baadhi yake zilikuwa za makampuni yenye maelfu ya eka, yaliyotia sahihi kwa furaha kwa kuwa hayakupoteza kitu. Karibu na San Jose, ambako hatari ilikuwa mlangoni, wengi walikataa kutia sahihi. Bei ilikuwa imekwisha kupanda. Mtu anayengojea kuuza mwaka ujao hajifungi miaka 10 kwa ajili ya nafuu ya kodi, hata iwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo dawa ilikuwa nzuri, lakini ilimfikia mgonjwa wa kwanza alipokuwa amekwisha kukata roho. Mwaka 1978 wananchi wa California walipiga kura nyingine, iliyoweka kodi ya mali yote kuwa dola 1 kwa kila dola 100, na kuamuru kwamba thamani isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Kura hiyo ingaliwafaa sana wakulima wa plamu miaka 20 kabla yake. Mwaka 2009, jimbo lilipokuwa na upungufu mkubwa wa fedha, malipo kwa kaunti yalikatwa hata yakawa kama hakuna. Kaunti ya Imperial, iliyo ya wakulima hasa, iliona haiwezi kubeba hasara peke yake, ikaanza kujitoa katika mikataba. Katika bonde la Santa Clara lenyewe, mji wa Saratoga huutunza kwa fedha za umma uwanja mmoja wa miti ya matunda karibu na maktaba yake, ili watoto waone mashamba ya babu zao yalivyokuwa.

Habari hizi za mbali zina maana kwa msomaji wa Kenya. Wazee wa nchi hii waliijua kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1901, ambayo ilihesabu nyumba za mtu wala haikuuliza shamba lake limetoa magunia mangapi. Mwenye mavuno na asiye na mavuno walilipa sawa, na asiyekuwa na fedha alikwenda kuzitafuta kwa kazi ya kibarua. Basi kodi isiyotazama mapato ya shamba si jambo geni hapa.

Kodi ya ardhi ya siku hizi ni kitu kingine. Mwenye hati ya kumiliki daima halipi pango kwa Serikali kuu, lakini Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Sheria ya zamani ya kodi hiyo, ya mwaka 1963, ilikuwa imeweka njia kadhaa. Ardhi iliweza kutozwa kwa ukubwa wa eneo lake, au kwa thamani ya kiwanja, au kwa pango ambalo shamba lingeweza kupata kwa kilimo. Njia hii ya mwisho yafanana sana na ile ya California ya kuhesabu mapato. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya taifa iliyochukua mahali pa zile za zamani, na kaunti zina kazi ya kutengeneza madaftari ya thamani chini yake.

Mahali pa kutazamwa kwanza ni Kiambu. Barabara ya Thika ilipomalizwa kupanuliwa mwaka 2012, Ruiru na Juja zikawa karibu na Nairobi kuliko zilivyokuwa zamani, na mikahawa iliyokuwa imesimama pande zote mbili ilianza kung'olewa. Mji mpya wa Tatu City wajengwa Ruiru juu ya ardhi iliyokuwa shamba kubwa la kahawa. Si kodi iliyoung'oa mkahawa huo. Bei mbaya, madeni ya vyama vya ushirika na watoto wasiotaka jembe vimefanya kazi hiyo; kahawa ya Kenya, iliyofikia tani 130,000 hivi katika msimu wa 1987/88, haijafikia nusu yake katika miaka ya karibuni. Lakini kodi yaweza kuwa kofi la mwisho. Manispaa za Kiambu zina ndani ya mipaka yake mashamba yanayolimwa bado, na mwenye eka 3 za mikahawa aliye ndani ya mpaka huo aweza kuandikwa bei ya kiwanja, sawa na jirani yake aliyejenga nyumba za kupangisha za ghorofa tano.

Sheria ya mwaka 1967 ya kusimamia ardhi ya kilimo humtaka mtu apate kibali cha bodi kabla ya kuuza au kugawanya shamba. Kibali hicho chaweza kumzuia asiuze. Lakini hakimsaidii hata senti moja kulipa kodi. Ikiwa bodi yamwambia lima, na daftari la kaunti lamwambia wewe una kiwanja, mkulima huyo amefungwa kamba mbili zinazovutwa pande mbili. Kaunti zenye miji inayokua zingefanya vema kuamua mapema, kabla bei haijafika mahali ilipofika San Jose, ni mashamba gani yatakayothaminiwa kwa kilimo, na mwenyewe atatoa ahadi gani badala yake, na akiivunja atalipa nini.

Mkulima naye asingoje mpaka hati ya madai ifike mlangoni. Daftari la thamani linapotengenezwa, tangazo hutolewa na watu huweza kulisoma. Chini ya sheria ya zamani mwenye ardhi alikuwa na siku 28 za kuleta pingamizi kwa maandishi tangu tangazo kutolewa, na wengi waliziacha zipite kwa kuwa hawakujua kwamba shamba lao limo humo. Aendaye kutazama achukue nambari ya kipande chake cha ardhi, na hesabu za kahawa au maziwa aliyouza katika miaka miwili au mitatu iliyopita. Karatasi hizo zaweza kumwonyesha mthamini kwamba ardhi ile ni shamba.